Majengo, leteni daftari uwanjani

Tarehe 22 Juni 2019, katika Uwanja wa Gahanga jijini Kigali, mtupaji wa Tanzania Nasra Saidi aliwaondoa wapigaji watano wa Mali bila kuruhusu mkimbio hata mmoja. Kwenye vitabu vya kriketi kazi hiyo inaandikwa kwa tarakimu mbili: 5 kwa 0. Siku hiyohiyo mwenzake Fatuma Kibasu alimaliza na mikimbio 108 bila kuondolewa, Tanzania ikafikisha 285 kwa kupoteza wiketi moja tu, yaani mpigaji mmoja, na Mali wote wakaishia 17. Atakayeuliza habari ya siku hiyo miaka 50 ijayo atapata jibu hilohilo, herufi kwa herufi.

Kigali ni mbali na Majengo, na kriketi iko mbali zaidi. Hapa Dodoma, ukitoka Soko la Majengo jioni ukapita vijiweni, utakuta watu wanabishania Simba na Yanga, na mjadala huo ukitulia wanarudi kwenye mechi za mitaani: nani alifunga lile bao la kichwa, fainali ile ilichezwa mwaka gani, yule kipa mrefu aliyehama mji jina lake kamili lilikuwa nani. Mmoja atasema mshambuliaji fulani wa zamani alifunga mabao 19 msimu ule. Mwenzake atasema 23. Wa tatu atacheka na kuapa kwamba hakufika hata 12. Sauti zitapanda, kahawa itakwisha, na kila mtu ataondoka na idadi yake. Hakuna wa kuwaamua, kwa sababu hakuna aliyeandika.

Hilo linaniuma kuliko matokeo ya mechi yoyote. Mtaa huu umetoa wachezaji wa soka na netiboli kwa vizazi, na sehemu kubwa ya waliyoyafanya imebaki vichwani mwa wazee ambao kila mwaka tunazika baadhi yao. Ndiyo maana nimeanza na kriketi, mchezo ambao wengi wetu hatujui hata kuushangilia. Uzuri wa kriketi ni kwamba hakuna mpira unaorushwa bila kuandikwa. Klabu zetu za mtaani zingeuazima utaratibu huo tu, hata bila kushika gongo, zingekuwa zimejipatia hazina.

Tazama unavyofanya kazi. Mwandishi wa alama yumo ndani ya sheria zenyewe za mchezo, kama alivyomo mwamuzi. Huwa wawili, kwa kawaida mmoja kutoka kila upande, nao huketi pamoja kando ya uwanja na vitabu vyao. Mpigaji akiupiga mpira ukavuka mpaka bila kugusa chini, mwamuzi huinua mikono yote miwili juu: mikimbio sita. Ukivuka baada ya kudunda, huupunga mkono mbele ya kifua: minne. Kisha husubiri. Waandishi wanatakiwa kuinua mkono kuonyesha kwamba wameona na wameandika, ndipo mpira unaofuata urushwe. Wachezaji wa uwanjani wanaweza kuwa na haraka kiasi gani, lakini kalamu haijamaliza, mchezo hauendelei.

Kila mipira sita halali ni ova moja, na kila ova ina kisanduku chake kitabuni. Mpira usiozaa mkimbio unawekewa nukta. Mpira uliozaa mikimbio miwili unaandikwa 2. Aliyeondolewa anaandikiwa ameondokaje: amedakwa, wiketi zake zimeangushwa, au ameshindwa kuwahi mstari. Ova ikipita nukta sita tupu, mwandishi huziunganisha kwa mistari zikawa herufi M, na hiyo ni heshima kwa mtupaji, kwamba amemaliza ova nzima bila kuruhusu kitu. Ova ikiisha, waandishi wawili husomeana jumla. Zikitofautiana, hutafuta kosa palepale, wakati jambo bado lina joto. Hivi vitabu viwili vinavyosahihishana ndiyo sababu takwimu za kriketi zinaaminika tangu enzi ambazo hakukuwa na kamera wala kompyuta.

Vitabu hivyo havina upendeleo, na sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kulijua hilo kuliko wengi. Kombe la kwanza la Dunia la wanaume lilichezwa Uingereza mwaka 1975, na kati ya timu nane kulikuwa na moja iliyoitwa Afrika Mashariki, mchanganyiko wa wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, nahodha akiwa Harilal Shah wa Kenya. Watanzania walikuwa Praful Mehta, mlinda wiketi, na Shiraz Sumar. Timu ilicheza mechi tatu na kupoteza zote. Tarehe 7 Juni, Glenn Turner wa New Zealand aliwapigia mikimbio 171 bila kuondolewa, idadi ambayo hakuna mchezaji aliyewahi kuifikia katika mechi ya kimataifa ya siku moja mpaka wakati huo, na ilisimama hadi Kapil Dev wa India alipofikisha 175 mwaka 1983. Tarehe 11 Juni huko Leeds, India waliwatoa wote kwa 120, kisha wakazifikia bila kupoteza wiketi hata moja. Tarehe 14 Juni, Uingereza waliwafunga kwa tofauti ya mikimbio 196.

Katika mechi ile ya Leeds, mtupaji Bishan Bedi wa India alirusha ova 12, nane kati yake zikiwa za nukta tupu, akatoa mikimbio sita na kuchukua wiketi moja. Mipira 72, mikimbio sita. Mpaka leo, watu wakizungumzia utupaji wenye ubahili katika Kombe la Dunia, 12-8-6-1 inatajwa kwanza, na kila inapotajwa, Afrika Mashariki inatajwa pamoja nayo.

Mtu anaweza kuiita ile aibu. Mimi naiona tofauti. Kitabu kilichoandika sita za Bedi ndicho kilichoandika mikimbio 37 ya Jawahir Shah siku hiyohiyo, na 45 za Frasat Ali dhidi ya New Zealand, na wiketi tatu alizochukua Zulfiqar Ali mbele ya Waingereza. Kilimwandika pia John Nagenda wa Uganda, ambaye baadaye alijulikana zaidi kama mwandishi na mshauri wa Rais Museveni. Katika mechi za kimataifa za siku moja alicheza moja na kuchukua wiketi moja. Mstari wake ni mfupi, lakini upo, na umepangwa katika orodha moja na magwiji wa dunia kwa utaratibu uleule wa herufi na tarakimu. Timu ilishindwa na majina yamebaki. Majengo tumekuwa na timu zilizoshinda, na majina yamepotea.

Kuna jambo jingine ambalo soka letu halifanyi. Tukiandika chochote, tunaandika mfungaji, basi. Beki aliyeuokoa mpira kwenye mstari haandikwi, wala aliyetoa pasi ya mwisho. Katika kriketi, anayedaka mpira anaandikwa pembeni ya jina la aliyeondolewa, daima. Tarehe 29 Februari 1996 huko Pune, India, Kenya ilitolewa kwa mikimbio 166 dhidi ya West Indies, timu iliyokuwa imetawala mchezo huo kwa miaka mingi. Watu walidhani kazi imekwisha. West Indies wakaanguka kwa 93. Brian Lara, ambaye miaka miwili kabla yake alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mikimbio 375 katika mechi moja ya kimataifa na 501 katika mechi ya klabu, siku hiyo aliondoka na 8. Ukifungua kitabu, pembeni ya jina la Lara utakuta majina mawili ya Wakenya: amedakwa na Tariq Iqbal, mpira umerushwa na Rajab Ali. Mdakaji na mtupaji wamegawana sifa nusu kwa nusu. Kapteni Maurice Odumbe ana mstari wake pia, wiketi tatu kwa mikimbio 15.

Msomaji anayependa hesabu nimwongezee kisa kimoja, maana kinaonyesha uzito wa mstari mmoja wa daftari. Wastani wa mpigaji hupatikana kwa kugawa mikimbio yake yote kwa idadi ya mara alizoondolewa. Zile alizomaliza akiwa bado anapiga hazihesabiwi kwenye kigawanyo. Tarehe 14 Agosti 1948, Don Bradman wa Australia aliingia uwanjani Oval, London, kwa mara ya mwisho katika mechi za kimataifa. Alikuwa na mikimbio 6,996 na alikuwa ameondolewa mara 69. Angepata minne tu kabla ya kuondolewa angefikisha 7,000 kwa mara 70, wastani wa 100 kamili, na minne hupatikana kwa pigo moja. Eric Hollies akamwondoa kwa mpira wa pili, akiwa na sifuri. Gawa 6,996 kwa 70 upate 99.94. Hakuna mpenzi wa kriketi asiyeijua namba hiyo. Mwandishi yule angeweza kumwonea huruma bingwa anayestaafu. Aliandika sifuri, na sifuri hiyo ndiyo iliyofanya vizazi vyote viliamini daftari zima lililotangulia.

Hata viwanja vya jirani zetu vimeingia kwenye vitabu hivyo. Tarehe 4 Oktoba 1996, kwenye uwanja wa Nairobi Gymkhana, kijana wa Pakistan, Shahid Afridi, alifikisha mikimbio 100 kwa mipira 37 dhidi ya Sri Lanka. Rekodi hiyo ya Nairobi haikuvunjwa mpaka tarehe 1 Januari 2014. Mwaka uliofuata, Oktoba 1997, Kennedy Otieno alipiga 144 na Dipak Chudasama 122 dhidi ya Bangladesh, wakafungua mechi kwa mikimbio 225 wakiwa wawili. Na tarehe 23 Oktoba 2024, uwanjani Ruaraka, Zimbabwe waliipiga Gambia mikimbio 344 katika ova 20, idadi ambayo hakuna timu ya taifa iliyokuwa imeifikia katika mechi za aina hiyo, Sikandar Raza peke yake akiwa na 133.

Kwa upande wetu, Tanzania ilichelewa kupata mstari wake yenyewe. Kwa miaka mingi tulikuwa ndani ya jina la Afrika Mashariki, lililoingia Baraza la Kimataifa la Kriketi mwaka 1966, baadaye Afrika Mashariki na Kati, na tukasimama kwa jina letu mwaka 2001. Oktoba 2008 Dar es Salaam iliandaa mashindano ya daraja la nne la dunia, na bingwa akawa Afghanistan, timu ambayo miaka 16 baadaye ilicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia la ova 20. Safari yao ilipita kwetu, na imeandikwa hivyo.

Badiliko kubwa lilikuja pale Baraza lilipoamua kwamba mechi yoyote ya ova 20 kati ya timu za taifa za wanachama wake ihesabiwe kuwa ya kimataifa kamili: kwa wanawake kuanzia Julai 2018, kwa wanaume kuanzia Januari 2019. Kabla ya hapo ungeweza kupiga mikimbio mingi ukiwa umevaa jezi ya taifa na isionekane kwenye orodha ya dunia. Zile 108 za Fatuma Kibasu zilipatikana Juni 2019. Timu ya wanaume ilicheza mechi yake ya kwanza yenye hadhi hiyo Novemba 2021, Rwanda. Wanaume walikuwa hawajaanza kuhesabiwa, na Kibasu tayari alikuwa na mia yake. Septemba 2021 huko Gaborone alijivunjia rekodi mwenyewe kwa 127 dhidi ya Eswatini, tena bila kuondolewa. Ningependa jina hilo lisomwe shuleni Dodoma pamoja na la Filbert Bayi, aliyekimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16 huko Christchurch tarehe 2 Februari 1974, muda uliobaki kuwa rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola hadi 2022. Lisomwe pia na la jirani yetu wa Singida, Alphonce Simbu, aliyechukua dhahabu ya dunia ya marathoni jijini Tokyo, Septemba 2025, akimzidi Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Bila chombo cha kupima na mtu wa kuandika, sekunde 0.03 ni ubishi wa kijiweni.

Sasa turudi mtaani. Katika soka tunajua Simba iliifunga Yanga 6-0 mwaka 1977 na Abdallah Kibadeni akafunga matatu. Tunajua Yanga ilikwenda mechi 49 za ligi bila kufungwa mpaka Ihefu ilipoifunga 2-1 mwishoni mwa Novemba 2022. Mechi ya Ligi Kuu ikichezwa Uwanja wa Jamhuri, kuna kamisaa, kuna ripoti, kuna waandishi wa habari jukwaani. Ngazi hiyo imekwisha kupata watunzaji wake. Ngazi ya chini, ambako mchezaji anaanzia, haina mtu. Bonanza la Pasaka, ligi ya kata, mashindano ya kugombea mbuzi au jezi, mechi ya netiboli baina ya mitaa: Jumatatu asubuhi kinachobaki ni picha chache kwenye simu na maneno ya mtu aliyekuwepo.

Gharama yake inaonekana pale kijana anapokwenda kufanya majaribio kwenye klabu kubwa. Akiulizwa amecheza mechi ngapi, amefunga mangapi, msimu gani, uwanja gani, hana karatasi. Anasema tu kwamba mtaani wanamjua. Kocha amesikia hivyo kwa vijana wengine 40 asubuhi hiyo. Binti wa netiboli naye hali yake ni mbaya zaidi, maana mechi zake hata picha za simu hupigwa kwa nadra. Kwao daftari lingekuwa shahidi.

Linalohitajika ni dogo sana: kaunta buku moja nene, rula na peni mbili. Kila mechi ipewe ukurasa wake. Juu iandikwe tarehe, uwanja, mpinzani na jina la mwamuzi. Chini yake majina ya wachezaji wote walioanza na walioingia, majina kamili ya kwenye cheti, na lile la utani pembeni. Hapa nasisitiza, kwa sababu mtaani watu wanajulikana kwa majina ya utani pekee, na miaka 20 baadaye hakuna anayejua yule alikuwa mtoto wa nani. Kisha dakika ya kila bao, mfungaji, aliyempasia, kadi, na penalti zilizookolewa na kipa gani. Kwa netiboli kuna urahisi wa pekee, kwani wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu kila upande. Andika mitupo yao yote, iliyoingia na iliyokosa, na mwisho wa msimu utajua nani anatumainiwa kweli.

Waandishi wawe wawili, mmoja kila timu, na wasomeane mapumziko na mwisho wa mechi kama wanavyofanya wa kriketi. Manahodha watie sahihi. Siku mliyofungwa sita andikeni sita, wala ukurasa usichanwe. Kazi hii wapewe vijana wanaopenda mpira lakini hawachezi, aliyeumia goti, mwanafunzi anayependa hesabu. Mara nyingi hao ndio wanaoona mchezo vizuri kuliko waliomo. Kila mwisho wa mwezi kurasa zipigwe picha na kutumwa kwenye simu za watu watatu, maana daftari moja linaweza kulowa, kuungua au kuhama na katibu aliyegombana na mwenyekiti. Programu za simu za kuandikia alama zipo na ni nzuri, ila karatasi haihitaji chaji.

Kuhusu miaka iliyopita, wazee waulizwe mapema. Wakae wawili watatu pamoja, waeleze, na yaandikwe kwenye daftari tofauti lenye kichwa kinachosema wazi kwamba haya ni ya kumbukumbu. Wakitofautiana, ziandikwe kauli zote. Nisingependa klabu yoyote ijitungie mabingwa wa mabao wa zamani ili kupendeza. Rekodi ya kubuni ikigundulika moja, hata za kweli zitakosa wa kuziamini. Yale mabao 19 au 23 ya kijiweni huenda tusiyajue kamwe. Ya msimu huu tunaweza kuyajua yote.

Na kama kuna mwalimu wa michezo anayetaka kuleta kriketi yenyewe Majengo, hali ya hewa iko upande wake. Mchezo huo unaogopa mvua kuliko kitu kingine, na Dodoma hukaa kavu kuanzia Mei hadi Novemba. Klabu nyingi za Afrika Mashariki zilicheza kwa miongo juu ya mkeka uliotandikwa kwenye udongo mgumu, bila nyasi za bustani. Lakini hilo linaweza kusubiri.

Daftari lisisubiri. Makatibu wa timu za Majengo, za soka na za netiboli, mna mechi Jumamosi hii. Nunueni kaunta buku Ijumaa, mchagueni mwandishi, na mkubaliane na wapinzani walete wa kwao. Ukurasa wa kwanza uwe na majina ya wachezaji wote, pamoja na walioketi benchi mechi nzima.